Dalili na visababishi: mtindo wa kifanksheni kwa wasanidi programu waliozoea objekti

Toleo la 8 la Java, lililotoka Machi 2014, liliwaletea wasanidi wa lugha za objekti lamda (fanksheni fupi isiyo na jina), strimu (mfululizo wa data unaopitishwa hatua kwa hatua) na Optional (kisanduku chenye thamani au kitupu) kwa mpigo mmoja, na tangu hapo mtu anaweza kuandika kwa mtindo wa kifanksheni, yaani kwa fanksheni zinazotoa thamani mpya badala ya kubadilisha zilizopo, bila kuhama lugha yake. Sintaksia yenyewe haichukui muda kuizoea. Matatizo hujitokeza baadaye, programu ikiwa imeshaanza kutumika: jumla hailingani na vitabu, hatua fulani haifanyiki, au kinafanyika kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Mwongozo huu unaanza na dalili kama inavyoonekana kwenye skrini, kisha unatafuta kisababishi chake. Mifano mingi ni ya Java, na imejengwa juu ya programu ya kubuni ya chama cha kuweka na kukopa, yenye wanachama, mikopo na marejesho.

Dalili yoyote itakayokupata, jiulize kwanza maswali mawili. La kwanza: ni nani anayeweza kuibadilisha thamani hii? La pili: msimbo huu unatekelezwa lini hasa? Msanidi aliyekulia kwenye objekti amezoea kwamba objekti hubeba hali yake na kuibadilisha papo hapo, na kwamba mstari ulioandikwa juu hutekelezwa kabla ya ulio chini yake. Mtindo wa kifanksheni haumhakikishii mazoea hayo yote mawili, na sehemu kubwa ya hitilafu zinazofuata zinatokana na kutouliza mojawapo ya maswali hayo kwa wakati wake.

Dalili: takwimu inabadilika ingawa hakuna aliyeigusa

Taarifa ya mwanachama inaonyesha salio likishuka kwa mpangilio wa tarehe, na ni sahihi. Meneja anafungua ripoti yake ya marejesho makubwa, anaifunga, na mwanachama akifungua taarifa yake tena anakuta tarehe zimevurugika na salio la kila mstari halieleweki. Hakuna rejesho lililoongezwa wala kufutwa. Mkosaji yumo katika mistari miwili ya ripoti ya meneja:

```
List<Rejesho> yote = mkopo.getMarejesho();
yote.sort(Comparator.comparing(Rejesho::kiasi).reversed());
```

Methodi ya `getMarejesho` imerudisha orodha ileile iliyomo ndani ya objekti ya mkopo, wala si nakala yake, na `sort` inaipanga orodha hiyo pale ilipo. Ripoti ya meneja imepanga upya mali ya mtu mwingine. Msanidi aliweka neno `private` kwenye orodha akidhani ameilinda, kumbe `private` inalinda jina tu; kitu chenyewe kimetoka nje kupitia mlango wa methodi, na kila aliyekishika anaweza kukibadilisha.

Tiba ya ripoti hii ni kupanga kupitia strimu, `mkopo.getMarejesho().stream().sorted(...).toList()`, ambayo inatoa orodha mpya na kuiacha ya asili kama ilivyokuwa. Tiba ya mfumo mzima ni kuufanya mkopo wenyewe usiobadilika, na hapo rekodi, yaani klasi fupi za kubebea data, zilizokuwa sehemu kamili ya Java kuanzia toleo la 16 la mwaka 2021, zinasaidia sana. Lakini rekodi peke yake haitoshi, na jambo hili linawapita wengi: rekodi inazuia sehemu zake zisielekezwe kwenye kitu kingine, ila haizuii kitu kilichomo kisibadilike. Rekodi yenye `ArrayList` ndani yake ina tatizo lilelile tuliloanza nalo. Ndiyo maana nakala inapaswa kufanywa mlangoni, wakati rekodi inaundwa:

```
record Mkopo(String namba, List<Rejesho> marejesho) {
    Mkopo {
        marejesho = List.copyOf(marejesho);
    }
}
```

Usitumie `Collections.unmodifiableList` mahali pa `List.copyOf` ukidhani ni kitu kimoja. Ile ya kwanza inatoa dirisha tu la kuitazamia orodha ya asili. Aliye na orodha ya asili akiibadilisha, dirishani pia inaonekana imebadilika. Ya pili inahakikisha unabaki na orodha isiyotegemea tena ile uliyopewa.

Waandishi wa JavaScript wana mtego huohuo: `sort` na `reverse` za safu hubadilisha safu yenyewe, na ni toleo la lugha la mwaka 2023 lililoleta `toSorted` na `toReversed` zinazotoa safu mpya.

Dalili: thamani haibadiliki hata ukiibadilisha

Hii ni kinyume cha iliyotangulia, na kwa kawaida humpata mtu siku chache baada ya kuitibu ile. Kitanzi kinapita kwenye marejesho yote, kila mara kinaita `jumla.add(rejesho.kiasi())`, na mwishoni jumla ni sifuri. `BigDecimal` haibadiliki, `add` haiongezi chochote kwenye `jumla`, bali inarudisha namba mpya, na namba hiyo isipopokelewa inapotea kimya kimya. Vivyo hivyo kwa `plusDays` ya `LocalDate` na `replace` ya `String`. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo na kuukagua, haioni kosa lolote hapo, kwa hiyo washa onyo la kihariri chako linalokujulisha kwamba matokeo ya methodi yametupwa. Onyo hilo linafaa kuwekwa katika kiwango cha kosa kabisa, hasa kwenye mfumo unaoshika fedha za watu.

Dalili: `UnsupportedOperationException` baada ya kusafisha msimbo

Mtu amebadilisha `collect(Collectors.toList())` kuwa `toList()` kwa sababu ni fupi, na mahali pengine kabisa programu imeanguka ilipojaribu kuongeza kitu kwenye orodha. `toList()` ya strimu, iliyokuja na toleo la 16, inatoa orodha isiyobadilika. Ile ya zamani haikuwahi kuahidi lolote, ila kwa vitendo ilitoa orodha inayobadilika na watu wakaizoea. Usikimbilie kurudisha msimbo wa zamani. Hitilafu hii imekuonyesha, kwa namba ya mstari, mahali ambapo sehemu moja ya programu ilikuwa inabadilisha orodha iliyotengenezwa na sehemu nyingine. Ikiwa mahali hapo panahitaji kweli orodha ya kuongezea, patengeneze nakala yake kwa `new ArrayList<>(...)` na kuibadilisha hapohapo.

Dalili: hakuna kinachotokea, au kinatokea kwa wakati usiotarajiwa

Hapa ndipo swali la pili linapotawala. Msanidi ameandika strimu inayopita kwenye mikopo iliyochelewa, akaweka ndani ya `map` methodi ya kutuma ujumbe kwa mwanachama, akaendesha programu, na hakuna ujumbe uliotumwa. Hakuna hitilafu wala onyo. Sababu ni kwamba `map`, `filter` na `peek` hazifanyi kazi. Zinaeleza tu kazi itakayofanywa. Utekelezaji unaanza pale tu hatua ya kuhitimisha, kama `toList`, `forEach` au `reduce`, inapodai matokeo. Strimu isiyo na hatua hiyo ni maelezo yaliyoandikwa na kuachwa mezani.

Mtu akishalijua hilo, mara nyingi huongeza `count()` mwishoni ili kuilazimisha strimu itembee. Kwenye Java 8 mbinu hiyo ilifaulu, lakini kuanzia toleo la 9 `count()` inaruhusiwa kuziruka hatua zote za kati ikiwa idadi inajulikana tangu kwenye chanzo. Orodha yenye mikopo 40, ikipitishwa kwenye `map` pekee kisha `count()`, inajibu 40 bila kuita methodi ya ndani hata mara moja. Basi kutuma ujumbe hakupaswi kuwekwa ndani ya `map` kwa namna yoyote. Tumia strimu kupata orodha ya watu wa kutumiwa, kisha pita kwenye orodha hiyo kwa kitanzi cha kawaida na utume. Kitanzi si aibu katika mtindo huu. Kuficha tendo ndani ya kitu kinachoonekana kama hesabu ndiko kunakoleta madhara.

Uchelewaji huohuo unaeleza dalili nyingine mbili ambazo kwa juu hazifanani nayo. Ya kwanza ni hitilafu inayoipita `try` iliyowekwa kuikamata: methodi inajenga strimu ndani ya `try`, inairudisha, na hesabu yenyewe inafanyika baadaye kwa aliyeiita, nje ya ulinzi wote. Ya pili ni faili: `Files.lines` imefunguliwa kwenye `try` inayofunga rasilimali yenyewe, strimu ikarudishwa, na aliyeipokea anaambiwa imekwisha kufungwa. Zote mbili zina kanuni moja: strimu isivuke mpaka wa methodi inayomiliki rasilimali au inayoshughulikia hitilafu. Ihitimishe humo ndani na urudishe orodha.

Tena, strimu hutumika mara moja tu. Ukiihifadhi kwenye kigeu na kuitumia mara ya pili, Java inatoa `IllegalStateException`. Java inakutendea hisani kwa kulalamika. Kwenye Python, `map` au jenereta iliyokwisha kutumika inatoa mfululizo mtupu bila kusema neno, na jumla ya pili inakuwa sifuri.

Dalili: kompaila inakataa kigeu ndani ya lamda

Kompaila inadai kwamba kigeu cha nje kinachotumika ndani ya lamda kiwe hakibadiliki baada ya kupewa thamani yake. Jibu la haraka linalozagaa ni kuweka jumla ndani ya safu ya kipengele kimoja, au ndani ya `AtomicLong`, na kompaila inanyamaza. Kompaila ilikuwa inakulinda. Lamda inaweza kutekelezwa baadaye, au na uzi mwingine wa utekelezaji, na kigeu kinachobadilishwa na wawili kwa wakati mmoja hakina thamani ya kuaminika. Safu ya kipengele kimoja inaonekana salama hadi siku mtu atakapoandika `parallelStream()`, inayogawa kazi kwa nyuzi kadhaa kwa pamoja, ili kuongeza kasi, na jumla ikaanza kutofautiana kila inapokokotolewa.

Njia ya kweli ni kuacha kukusanya kwa mkono na kuiachia strimu ikusanye kwa `sum`, `collect` au `reduce`. Hata hivyo `reduce`, inayounganisha vipengele vyote kuwa thamani moja, nayo ina masharti yake, na inafaa kuyaona kwa namba. Mwanachama amekopa shilingi 100,000 na kurejesha 30,000, 20,000 na 10,000. Msanidi, akiwa na `marejesho` kama orodha ya namba tupu, anaandika:

```
salio = marejesho.stream().reduce(100_000, (a, b) -> a - b);
```

Anapata 40,000, na ni sahihi. Strimu hiyo ikifanywa sambamba, kila kipande kinaanza na ile 100,000. Ikigawanywa rejesho moja moja, vipande vinatoa 70,000, 80,000 na 90,000, kisha fanksheni ileile inatumika kuviunganisha: 80,000 kutoa 90,000 ni hasi 10,000, na 70,000 kutoa hasi 10,000 ni 80,000. Salio limekuwa mara mbili ya linalopaswa kuwa, na mgawanyo mwingine ungetoa namba nyingine. Makosa ni mawili: kutoa si tendo linaloweza kupangwa kwenye mabano vyovyote bila matokeo kubadilika, na thamani ya kuanzia lazima iwe ile isiyobadilisha chochote, kama sifuri kwa kujumlisha. Jumlisha marejesho yote kwa kuanzia na sifuri, upate 60,000, kisha toa mara moja tu nje ya strimu. Hilo litakuwa sahihi kwa mgawanyo wowote.

Dalili: mwanachama mpya anaandikishwa ingawa yupo

Dalili hii inastahili kufahamika kwa sababu inaharibu hifadhidata, na msimbo wake unasomeka kama sentensi isiyo na kosa:

```
Mwanachama m = tafuta(namba).orElse(andikisha(namba));
```

Java hukokotoa vigezo vya methodi kabla ya kuiita methodi yenyewe, kwa hiyo `andikisha` inatekelezwa kila mara, mwanachama awepo asiwepo, na matokeo yake yanatupwa tu akipatikana. Andika `orElseGet(() -> andikisha(namba))`, ambapo unakabidhi maelezo ya kazi, nayo yatatekelezwa yakihitajika. `orElse` ibaki kwa thamani ambazo ziko tayari, kama sifuri au neno tupu.

Tukiwa bado kwenye Optional: ukiona `NoSuchElementException`, mtu ameita `get()` bila kuuliza kama kuna kitu, na amerudi kulekule kwenye hitilafu ya null, yaani rejea isiyoelekeza kwenye kitu chochote, kwa jina jingine. Tony Hoare, aliyeingiza rejea ya null katika ALGOL W mwaka 1965, aliliita jambo hilo mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni moja. Optional ilikusudiwa imlazimishe msomaji wa msimbo kushughulikia hali ya kukosekana. Methodi ya `get()` inamwondolea wajibu huo.

Dalili: jaribio la mistari miwili linahitaji maandalizi ya mistari thelathini

Ili kujaribu kama faini ya kuchelewa imekokotolewa vizuri, inabidi uigize hifadhidata, uigize huduma ya kutuma ujumbe, na usogeze saa ya mashine. Na jaribio lililopita jana linaanguka leo kwa sababu tarehe imebadilika. Wengi huamini tatizo ni zana za kuigiza na kutafuta zana bora zaidi. Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili muhimu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha muundo wa programu nzima wala si mstari mmoja: uamuzi na tendo vimechanganywa ndani ya methodi moja.

Itazame methodi ya kawaida ya `tozaFaini()` kwenye objekti ya mkopo. Inasoma `LocalDate.now()`, inauliza hifadhidata kiwango cha faini, inakokotoa, inabadilisha salio la objekti, inahifadhi, inatuma ujumbe. Katika hatua zote hizo, kinachohitaji kujaribiwa kwa makini ni hesabu pekee: siku ngapi za kuchelewa, kiwango gani, kiasi gani. Itoe nje iwe fanksheni safi, yaani fanksheni ambayo jibu lake linategemea vigezo vyake tu na ambayo haigusi kitu chochote kingine:

```
static BigDecimal faini(Mkopo mkopo, Kiwango kiwango, LocalDate leo)
```

Tarehe sasa ni kigezo. Jaribio linaweza kuipa Februari 29, 2024, au siku moja kabla ya mkopo kuiva, au siku yenyewe ya kuiva, ambako ndiko makosa ya siku moja hujificha, na halihitaji kuigiza chochote. Kinachobaki kwenye tabaka la nje ni kusoma, kuita fanksheni hii, kuhifadhi na kutuma. Tabaka hilo linakuwa jembamba na lisilo na maamuzi, na majaribio machache ya mfumo mzima yanalitosha. Huhitaji kuziacha objekti ili kufika hapo. Klasi ya huduma inaweza kubaki na majukumu yake ya kuunganisha sehemu, mradi hesabu ziwe mahali ambapo zinaweza kuitwa bila kuamsha mfumo wote.

Ukitaka kujua kama fanksheni ni safi kweli, jiulize kama unaweza kuuondoa mwito wake na kuweka jibu lake mahali pake bila programu kutofautika. Fanksheni inayoandika kumbukumbu za uendeshaji, inayosoma saa, au inayotoa namba ya kubahatisha, inashindwa mtihani huo hata kama saini yake inaonekana safi.

Dalili: `StackOverflowError`

Fanksheni inayojiita yenyewe imepita vizuri kwenye mkopo wenye marejesho kumi na kuanguka kwenye orodha ya maelfu. Mashine pepe ya Java haigeuzi mwito wa mwisho kuwa kitanzi, kwa hiyo kila mwito unachukua nafasi yake kwenye kumbukumbu. Kompaila ya Scala na ya Kotlin zinaweza kuugeuza fanksheni inapojiita yenyewe mwishoni, na neno `tailrec` la Kotlin au alama ya `@tailrec` ya Scala linakujulisha iwapo imeshindikana. Clojure ina `recur` kwa kazi hiyo. Python nayo, kwa kawaida, inakoma karibu na miito 1,000. Kwenye Java tumia strimu au kitanzi. Kujiita kwenyewe kubaki kwa miundo ya mti, ambayo kina chake ni kidogo.

Dalili: aina mpya ya mkopo imesahaulika katika nusu ya ripoti

Mkopo wa dharura umeongezwa, lakini ripoti ya robo mwaka inauhesabu kama mkopo wa kawaida. Ukifuatilia utakuta `switch` yenye tawi la `default` lililomeza aina mpya bila kuuliza. Tangaza interfesi ya mkopo kuwa `sealed`, yaani yenye orodha kamili ya aina zinazoruhusiwa chini yake, iliyokamilika kwenye Java 17, tumia `switch` ya kutambua maumbo ya toleo la 21, na uondoe `default`. Kuanzia hapo kompaila itakataa kila mahali ambapo aina mpya haijashughulikiwa. Mbinu hii inafaa pale aina ni chache na ripoti zinaongezeka kila mara. Ikiwa ni aina zinazoongezeka huku matendo yakibaki yaleyale, urithi na methodi zilizoandikwa upya kwenye kila klasi bado ni chaguo bora, na hakuna sababu ya kuziacha.

Dalili: programu imekuwa nzito

Pima kwanza. Mara nyingi kisababishi si kutobadilika kwenyewe bali ni `Stream<Integer>` inayofunga kila namba ndani ya objekti, mahali ambapo `IntStream` ingetosha, au orodha inayonakiliwa nzima kila kipengele kinapoongezwa ndani ya kitanzi. Clojure na Scala zinaepuka gharama hiyo ya pili kwa miundo inayoshirikiana: vekta ya Clojure ni mti wenye matawi hadi 32 kwa kila kifundo, na kubadilisha kipengele kimoja kunanakili njia moja tu ya mti huku sehemu nyingine zote zikitumika na nakala zote mbili. Orodha za kawaida za Java hazina muundo huo. Basi ndani ya methodi moja, jenga `ArrayList` kwa kuibadilisha upendavyo, kisha uitoe nje kwa `List.copyOf`; mabadiliko ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyaona hayamdhuru mtu.